Mtoto wa kiume aitwaye Imani: kisa cha jina moja kati ya Pangani, Maskati na Houston

Baba ni mtu wa Pangani, Mwislamu. Mama ni wa Machame, Mlutheri. Wanaishi Houston, Texas. Mume anaendesha lori la mizigo, mke anafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee. Suala la dini ya watoto walilimaliza mapema, kabla hata hawajaenda bomani kufunga ndoa, na kama kuna upande uliobaki na kinyongo, haujakisema. Kipimo cha ultrasaundi kilipoonyesha kuwa mtoto wa kwanza ni wa kiume, walikubaliana jina siku hiyo hiyo: Imani. Ukoo ulipopata habari ndipo mambo yalipochacha.

Mimi ni binamu wa baba mtu, na pande zote mbili ziliniomba niwe msuluhishi. Wazazi wameniruhusu kusimulia mradi nisiwataje. Baba nitamwita Yusufu na babu mzaa baba nitamwita Shabani, kwa kuwa majina hayo mawili tutayahitaji huko mbele. Wengine wabaki na vyeo vyao vya ukoo.

Kwanza tuelewe walivyolifikia jina lenyewe. Majina yanayokaa vizuri msikitini na kanisani kwa wakati mmoja si mengi. Ukiondoa ya manabii, ambayo kila upande unayatamka kwa namna yake, unabaki na haya ya Kiswahili: Neema, Baraka, Rehema, Amani, Tumaini, Imani. Hakuna shehe atakayelikunjia uso Imani, wala mchungaji atakayeuliza limetoka wapi. Tena Tanzania mwanamume huitwa Imani bila mtu kushtuka, ingawa wanawake wenye jina hilo nao wapo. Yusufu alikuwa na hoja ya kishabiki iliyowafunga mdomo rafiki zake wote: Yanga waliwahi kuwa na mwenyekiti Imani Madega, na Simba nao wakawa na mtendaji mkuu Imani Kajula. Jina lililopita Jangwani likapita na Msimbazi, alisema, litakwama wapi?

Lilikwama Maskati.

Dada mkubwa wa Yusufu ameolewa Oman tangu ujana wake, na katika ukoo ule shangazi akisema neno, wanaume hukaa chini wakasikiliza. Alituma sauti ya dakika nne kwenye kundi la WhatsApp la familia. Nyingi zilikuwa dua na salamu, kisha akaingia kwenye shabaha: “Yusufu ndugu yangu, huku Iman ni jirani yangu wa ghorofa ya juu, ni binti wa dukani, ni mwalimu wa wajukuu zangu. Wote wanawake. Kesho mje Maskati na dume lenu, mimi nitawaambia watu nini?” Na kweli, kwa Waarabu Iman ni jina la kike. Hata mwanamitindo Iman, aliyezaliwa Mogadishu mwaka 1955 na kupata umaarufu New York, ni mwanamke.

Houston nako hakukuwa na nafuu. Mama mtu alipowaambia wenzake wa zamu jina alilolichagua, mmoja wao, Mmarekani mweusi, alimkumbatia kwa furaha: ana mpwa wake anaitwa hivyo hivyo. Halafu akauliza gauni la kumtolea mtoto hospitali litakuwa la rangi gani.

Hilo la Marekani lina historia yake, na inatuhusu kwa kuwa jina lilitoka kwetu. Mwaka 1966, huko California, Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa, sikukuu ya siku saba inayoanza Desemba 26 na kuisha Januari 1. Kila siku aliipa neno la Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, na siku ya mwisho Imani. Familia za Wamarekani weusi waliokuwa wakitafuta majina ya Kiafrika zikayachukua mawili kati ya hayo, Nia na Imani, na zaidi zikawapa mabinti. Leo msomi kama Imani Perry hahitaji kumweleza Mmarekani yeyote kwamba yeye ni mwanamke. Jina likaondoka Afrika Mashariki likiwa la wote, likafika ng'ambo likavaa gauni.

Basi hali ilikuwa hii: kati ya sehemu tatu ambazo mtoto huyu ana watu wake, ni moja tu ambako jina lake lingesikika kuwa la mwanamume, na hiyo moja siyo atakayolelewa.

Majina yaliyopendekezwa badala yake

Bibi mzaa baba, ambaye hapendi kelele, alitoa suluhu ya haraka: aitwe Baraka. Jina la kiume kabisa, la dini zote, na maana yake haina ubishi. Mama mtu akakataa. Sababu yake ilikuwa kwamba Marekani mtoto hatajitambulisha kwa mtu hata mara moja bila kutajiwa Obama, na yeye hataki mwanawe aanze kila mazungumzo na siasa. Hoja hii niliiona nyepesi, lakini mwenye mimba ni yeye.

Amani nalo lilitajwa. Zanzibar iliongozwa na Amani Abeid Karume kuanzia mwaka 2000 hadi 2010, kwa hiyo uanaume wa jina hauna shaka. Ila vijana wa kundini walikumbusha haraka kuwa Kenya ina mwanamuziki Amani, na huyo ni mwanamke. Ndivyo yalivyo majina yetu ya namna hii. Bahati Bukuku, mwimba injili wa Tanzania, ni mwanamke. Bahati wa Kenya, naye aliyeanzia kwenye injili, ni mwanamume. Fungua matokeo ya darasa la saba ya shule yoyote uone akina Tumaini, Furaha na Faraja walivyopangwa: ni ile safu ya jinsi ndiyo itakayokutoa gizani. Ajabu ni kwamba Neema tunampa binti na Baraka tunampa mvulana, ilhali hakuna kikao kilichowahi kukaa kikaamua hivyo.

Mama mtu naye alikuwa na kombora lake, na alilituma usiku wa manane wa kwao. Babu yake mzaa mama aliitwa Andrea. Kule Machame ni jina la wazee wa kanisa, la kiume tupu. Houston Andrea ni mwanamke. “Kwa hiyo babu yangu naye tumwite bibi?” aliuliza. Kundi zima lilicheka, shangazi akiwemo, na kwa muda ikaonekana ameshinda.

Nilicheka na mimi, lakini kama hoja haikutosha. Mzee Andrea hakuwahi kukaa darasani Texas. Aliishi na kuzikwa miongoni mwa watu waliolisikia jina lake kama lilivyokusudiwa. Mtoto anayejadiliwa hapa hana hakika hiyo.

Ubishi ulikuwa juu ya nini hasa

Nilichobaini nilipoisikiliza sauti ya shangazi kwa mara ya pili ni kwamba kila mtu alikuwa anajibu swali lake. Shangazi alikuwa anauliza watu watasema nini. Bibi alikuwa anauliza ugomvi utaisha lini. Yusufu alikuwa anatetea haki yake ya kumpa mwanawe jina. Mama mtu alikuwa anatetea jina pekee ambalo pande mbili za ndoa yake ziliwahi kulikubali bila mvutano, na huyo ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza ni hili: huyu mtoto ataitwa na nani, wapi, akiwa na umri gani?

Zamani hapa kwetu pwani swali lisingekuwa zito, kwa sababu jina halikusimama peke yake. Mtu alikuwa Nuru bin Salim au Nuru binti Salim. Jina la kwanza liliweza kuelea linavyotaka. Neno la katikati lilikwisha kusema kila kitu. Na palipotakiwa uwazi zaidi, watu waliuweka ndani ya jina lenyewe: Juma akawa na Mwajuma, Hamisi akawa na Mwanahamisi, Idi akawa na Mwanaidi. Wajaluo hadi leo wanafanya hivyo kwa herufi moja tu, Otieno na Atieno, na Wakalenjin kwa Kip na Chep. Kisha zikaja fomu zenye visanduku vitatu: jina la kwanza, la kati, la ukoo. Bin na binti havikupata kisanduku. Wengi wetu tukaviacha, na majina yaliyokuwa yakivitegemea yakabaki bila mshikizo. Kwa maoni yangu utata tunaoulalamikia kwenye Imani na wenzake umetokana na fomu hizo kuliko majina yenyewe.

Hapo ndipo nilipopata la kumjibu shangazi. Oman haijaacha bin na bint. Vimo kwenye majina rasmi. Siku mtoto akifika Maskati atatambulishwa kuwa ni Imani bin Yusufu bin Shabani, na hakuna atakayemtafutia ushungi. Watashangaa kidogo kusikia Iman ni kijana, wataambiwa ndivyo Waswahili wanavyoita, basi. Wageni kutoka pwani yetu wamekuwa wakiwashangaza watu wa Maskati tangu enzi za majahazi, na hili halitakuwa kubwa kuliko yote. Shangazi hakujibu siku mbili. Kwa anayemjua, huko ni kukubali.

Ugumu ulikuwa Houston

Marekani haina orodha ya majina yanayoruhusiwa. Wangekuwa Ujerumani miaka ya nyuma, afisa wa usajili angeweza kuwaambia kwamba jina lisiloonyesha jinsia lazima lifuatwe na la pili linaloionyesha. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ililimaliza sharti hilo mwezi Desemba 2008. Iceland nayo ilikuwa na majina ya kike na ya kiume kisheria, hadi ilipofuta mgawanyo huo mwaka 2019. Texas hakuna wa kukuzuia kwa sababu ya jinsia. Unaandika unachotaka, na matokeo yake mtayaona wenyewe shuleni.

Tena unaandika haraka. Pangani mtoto angengoja siku ya saba, akafanyiwa akika, wazee wakapata nafasi ya kujikuna vichwa. Na kwa Tanzania kizazi hutakiwa kusajiliwa ndani ya siku 90. Houston, mama akijifungua salama hutoka hospitali baada ya siku moja au mbili, na karani wa cheti cha kuzaliwa huja na fomu yake kitandani kabla hamjafunga mizigo. Ukishaandika, kubadili baadaye ni shughuli ya karatasi na ada. Ndiyo maana nilisisitiza ubishi uishe kabla ya uchungu.

Kuhusu Marekani kuna mambo mawili yaliyochunguzwa ambayo niliwatumia wazazi, kwa kuwa niliona haki yao kuyajua. La kwanza ni la Stanley Lieberson na wenzake, waliochambua mwaka 2000 rekodi za majina ya watoto wa jimbo la Illinois kuanzia 1916 hadi 1989. Walichokiona ni kwamba jina kutumiwa na jinsia zote mbili kwa muda mrefu ni nadra. Wasichana wakishaingia kwa wingi, wazazi wa wavulana hulikimbia. Kurudi nyuma ni shida. Ashley, Leslie na Beverly yalikuwa majina ya wanaume. Leo ukimtaja Ashley, Mmarekani anamwona msichana. Hata John Wayne, dume la sinema za wachunga ng'ombe, alizaliwa mwaka 1907 akaitwa Marion. Alilibadilisha.

La pili ni la mchumi David Figlio, aliyefuatilia wanafunzi wa Florida na kuchapisha matokeo yake mwaka 2007. Aliona kuwa wavulana wenye majina ambayo kwa kawaida ni ya wasichana walianza kuwa na matatizo zaidi ya nidhamu wakifika darasa la sita, na hali ilizidi kama darasani mlikuwa na msichana mwenye jina lile lile. Yusufu aliposoma hilo alikaa kimya, kisha akaandika, “Sasa unamuunga mkono dada?”

Sikuwa namuunga mkono. Utafiti wa namna hiyo unahesabu watoto wengi kwa pamoja. Hausemi chochote kuhusu mtoto mmoja ambaye nyumbani kwao jina lake lina mizizi, na ambaye anaweza kuonyeshwa wanaume wazima wanaolibeba kifua mbele. Mvulana aliyepewa jina la kike na wazazi waliopenda tu mlio wake yuko mahali pengine kabisa. Lakini nilitaka waone umri wenyewe. Chekechea watoto hawajui Imani ni nani. Chuoni hakuna anayejali. Shida, ikija, itakuja akiwa na miaka kumi na moja au kumi na miwili, sauti inapotaka kuvunjika, mwalimu mgeni anaposoma orodha na kuinua macho akitafuta msichana. Ushauri wowote tunaoutoa lazima umsaidie mtoto wa umri huo. Mtoto mchanga anapendwa kwa jina lolote, na bibi wa Pangani hatakuwepo darasani.

Ushauri niliotoa

Niliwaambia jina la kuitwa libaki Imani, na nafasi ya pili ijazwe kwa makusudi. Na nafasi hiyo, kwa bahati, desturi yetu imeshaijaza: Mtanzania huandika jina lake, la baba, kisha la babu. Imani Yusufu Shabani. Mmarekani akisoma hapo, la katikati halisomi kama jina la baba, kwa kuwa kwao jina la kati ni la mtoto mwenyewe. Anaona mtu mwenye majina mawili, moja halijui vizuri, la pili ni la kiume bila ubishi. Akituma barua ataandika Bwana. Desturi ya pwani inafanya kazi ile ile iliyofanywa zamani na bin, bila mtu kuongeza herufi. (Kwa binti ni kinyume. Namjua dada mmoja wa Kitanzania huko ughaibuni ambaye jina lake la kati ni Joseph, na kila mwaka anaeleza upya kwa nini.)

Mama mtu alikuwa na pingamizi moja la maana: kwa mpangilio huo majina mawili kati ya matatu ni ya upande wa baba, na lile la ndoa yao, lile la pamoja, limebaki kubebwa na mengine kama mgonjwa. Alitaka jina la babu yake liwemo. Hapa nilimwelewa sana. Tungeweza kuandika Imani Andrea, na hapo Texas tungekuwa tumemtundika mtoto majina mawili ya kike kwa mpigo. Alilifikiria hilo mwenyewe, akacheka, akaliacha. Walikubaliana kwamba nyumbani kwa mama, Machame, ataitwa Andrea. Jina la nyumbani halina fomu.

Ningekuwa mimi baba, ningeandika Yusufu kwanza na Imani pili, nikampa mtoto ngao mbele na jina la moyo nyuma. Nililisema hilo mara moja tu. Yusufu alijibu kwamba mtoto anayeitwa Yusufu na baba anayeitwa Yusufu nyumba moja ni fujo, na kwamba kwao mtu hamrithishi mwanawe jina lake mwenyewe akiwa hai, humrithisha la baba yake. Alikuwa sahihi kuhusu desturi.

Karani alipokuja na fomu, mama ndiye aliyeandika. Baba alisimama pembeni akihakiki herufi za Shabani, kwa sababu kwenye pasipoti yake mwenyewe waliwahi kuliandika bila i ya mwisho na mpaka leo linamsumbua viwanja vya ndege.

Shangazi wa Maskati hajawahi kutamka Imani. Mtoto ana jina la babu yake, yaani la baba wa shangazi, kwa hiyo yeye humwita “baba” tu, kama shangazi yeyote wa kwetu angefanya, na katika hilo hakuna wa kumlaumu. Bibi anamwita mume wangu. Wenzake wa mama pale kazini sasa wanajua, na yule mwenye mpwa ndiye anayewasahihisha wengine wakisema “she”.

Mtoto ametimiza mwaka na ushee. Wazazi wameandikiana makubaliano mawili kwenye ule ujumbe wa WhatsApp waliouhifadhi: akianza kuuliza, ataonyeshwa picha za akina Imani wa Yanga na Simba kabla ya kuelezwa habari za Kwanzaa; na akifika darasa la sita akisema shuleni anataka kuitwa Yusufu, aitwe Yusufu, na hakuna wa kununa.